Nilibadilisha ekzosti ya pikipiki yangu ya Boxer hapa Kisumu, someni kabla hamjakata bomba

Nianze na pesa maana hiyo ndiyo kila mtu huniuliza kwanza. Sailensa mpya ya Boxer, ile ya dukani yenye boksi, niliambiwa 6,500. Fundi wa jua kali akaniambia ananitengenezea nyingine "kali kuliko hiyo" kwa 3,000. Nilipomaliza hiyo safari yote, ukijumlisha stadi (ile bolt ya kushikia bomba kwa injini) iliyovunjika, jeti za kabureta, plagi, gasketi, dawa ya mtu aliyeungua mguu na fundi wa pili wa kuja kurekebisha kazi ya fundi wa kwanza, nilikuwa nimepita ile bei ya dukani na bado nilikuwa naulizwa na majirani kama nimenunua posho mill.

Pikipiki yangu ni BM150, napiga boda Kondele, Mamboleo, saa zingine napanda mpaka Kiboswa na Chavakali kama mteja analipa vizuri, na asubuhi nasambazia dukawala mmoja mitungi ya gesi. Kwa hivyo sio pikipiki ya kuonyesha watu, ni ya kazi, na hilo ndilo jambo la kuweka kichwani ukiendelea kusoma, sababu karibu kila ushauri niliopewa ulikuwa wa mtu anayewaza mbio na mimi nawaza mlima na mzigo.

Sailensa ya kwanza ilioza. Ilianza na kutu kidogo tu chini, mahali bomba linaingia kwa kopo, ule mwili mnene wa sailensa, halafu siku moja nikiosha nikasugua na brashi, brashi ikaingia ndani. Watu wengi hulaumu mvua lakini kutu kubwa inatoka ndani. Petroli ikiungua inatoa maji, na sio kidogo, lita moja ya petroli inatoa karibu lita nzima ya maji ikitoka kama mvuke. Ukienda safari ndefu ekzosti inapata moto maji yanaisha, lakini sisi wa boda ni stage hadi hospitali, hospitali hadi soko, unazima, unangoja, unawasha. Yale maji yanalala pale chini. Ndio maana sailensa nyingi za kiwanda ziko na katundu kadogo sana upande wa chini, ukikaangalia utadhani ni kasoro. Sio kasoro, ni ka kutolea maji. Fundi akikaona ataziba na welding akidhani anakusaidia, mwambie aachane nako.

Sasa huyo fundi wangu. Sitamtaja na sio mtu mbaya, mkono wake kwa chuma ni safi kabisa, geti akikuchomea hutaona joint. Shida ni mahali alisomea pikipiki. Alianza kitambo na zile Yamaha AG100 na DT za maofisa na mashirika, zile two stroke za kuchanganya oil, na kwa hizo ekzosti ni nusu ya injini kwa kweli. Two stroke haina valvu za kufungua na kufunga kama zetu, ina matundu tu kwa silinda, na lile bomba limenenepa katikati likapungua mwishoni ili wimbi la moshi ligonge ule mwisho lirudi, lisukume petroli mbichi iliyokuwa inatoroka irudi ndani. Ukibadilisha umbo la hiyo kitu kidogo tu unaisikia kwa mkono. Kwa hivyo mzee aliponiambia "omera, bomba ndio nguvu, wacha nikufungulie hii kitu ipumue," hakuwa anadanganya, alikuwa anaongea ukweli wa mashine nyingine.

Boxer ni four stroke. Valvu ya ekzosti inafunga yenyewe, petroli haihitaji kurudishwa na mtu. Bomba bado lina kazi, moshi ukitoka kwa kasi unaacha nyuma yake mvuto kidogo unaosaidia kuvuta moshi uliobaki kwa silinda, lakini ili upate huo mvuto lazima moshi ukimbie, na moshi hukimbia kwa bomba lenye upana wake. Ukiweka bomba pana unaupunguzia mwendo. Ni kama mto Nyando, ukiwa kwa kingo zake unabeba mpaka mawe, ukishafika kule Kano ukatawanyika kwa mashamba ya mpunga unatembea tu polepole.

Mimi hayo sikuyajua wakati huo. Nilichoona ni bomba nyeusi geji 16, pana kuliko ya mwanzo, limekunjwa vizuri kwa mchanga na moto, na kopo fupi limenyooka, ndani yake bomba lenye matundu limezungushiwa steel wool. Nikauliza hiyo steel wool imetoka wapi, akanionyesha pakiti. Ni ile ya kusugulia sufuria. Kwa hiyo kazi huwa kuna pamba maalum ya fiberglass inayostahimili joto, hii ya jikoni inaungua na kupulizwa nje vipande vipande, na kadri inavyoisha ndivyo kelele inapanda. Ukiona mtu anakuambia sailensa yake "imefunguka" baada ya wiki kadhaa, hakuna kitu kimefunguka, pamba imeisha.

Kufunga ndiko kulikoleta hasara ya kwanza. Nati za ile flenji, kile chuma kinachobana bomba kwa kichwa cha injini, zimekaa miaka kwa moto na kutu, kijana wa mkono akashika spana akavuta kwa nguvu zote, tak, stadi imebaki ndani. Kuitoa ni kazi ya mtu mwingine mwenye kuchimba na kuweka threadi mpya, 1,200 imeenda kabla sailensa haijagusa pikipiki. Nati kama hizo unazimwagia dawa ya kutu usiku, asubuhi unamwaga tena, unawasha injini kidogo ipate joto, halafu unalegeza pole pole, ikikataa unakaza kidogo kwanza ndio uirudishe. Usimruhusu mtu mwenye haraka.

Na usiruhusu welding juu ya pikipiki. Bracket ya nyuma haikufika vizuri, kijana akaleta holder akitaka kuchomea pale pale ikiwa imefungwa, betri imeunganishwa. Mwenzangu mmoja wa stage alichomewa hivyo CDI, kale kaboksi ka umeme wa plagi, ikakufa, pikipiki ikasukumwa nyumbani. Nikamwambia toa bomba nje uchomee chini. Akanuna, lakini alitoa. Ikiwa haiwezekani kabisa kutoa basi angalau waya za betri zichomolewe.

Pia kuna mpangilio wa kukaza ambao nilikuja kuonyeshwa baadaye. Unaanza na ile bolt ya nyuma ukiiacha imelegea, unaweka gasketi mpya pale mbele, unakaza nati mbili za flenji zamu kwa zamu mpaka ikae sawa, mwisho kabisa ndio unarudi kukaza ya nyuma. Ukianza na nyuma bomba linakuwa limevutwa kama upinde, na kila tetemeko la injini linaishia kwa stadi. Gasketi ya zamani usirudishe, ni mia moja tu, ishakandamizwa haiwezi kuziba mara ya pili.

Basi ikawashwa.

Sitadanganya, sauti ilinifurahisha. Vijana wa stage walisimama, mmoja akasema hiyo sio Boxer tena. Nikatoka Kibuye na kifua mbele, na kwa barabara tambarare nilikuwa naapa pikipiki imeongeza mbio. Masikio ni shahidi wa uongo sana kwa mambo haya, mashine ikipiga kelele unahisi inaenda hata kama imesimama.

Ukweli niliupata Riat. Wanaojua ule mlima ukitoka Mamboleo wanajua, na pikipiki yangu ilikuwa inaupanda na abiria wawili kwa gia ya tatu mpaka mahali fulani ndio nashuka gia. Sasa ikawa inalala mapema, nashuka ya pili, nafungua mafuta inanguruma tu haiendi, abiria wa nyuma akaniuliza, "Kwani umebeba mawe pia?" Siku ya mitungi ya gesi ilikuwa mbaya zaidi.

Sababu yake sio uchawi. Hizi injini za cc 144.8 zinatoa nguvu yake yote, karibu farasi 12, kwenye RPM 7,500, yaani mizunguko 7,500 kwa dakika, na torque yake ya juu, ile nguvu ya kuvuta mzigo, iko kwenye RPM 5,000. Nani anafika 7,500 akiwa na mama na gunia la omena? Sisi tunaishi chini ya 5,000 siku nzima. Bomba pana na fupi, kama litasaidia mahali popote, linasaidia kule juu ambako hatuendi, na linaiba huku chini tunakokaa. Kwa hivyo swali la kumuuliza fundi ni nguvu inaongezeka mahali gani, akikuambia tu "inaongezeka" shukuru uondoke.

Halafu ikaanza kupiga risasi. Ukiachilia mafuta kwa mteremko, pa! pa-pa! Watoto wa shule wanacheka, mbuzi wanatawanyika. Wengine huipenda hiyo, wanaona ni ya racing. Kuna sababu mbili kubwa na zote nilikuwa nazo. Moja, flenji ilikuwa inavuja, hewa inaingia, inakutana na petroli ambayo haikuungua, inawakia ndani ya bomba. Kuvuja kunajaribiwa rahisi, pikipiki ikiwa baridi paka maji ya sabuni pale kwa joint, washa, mtu mwingine azibe kidogo mdomo wa sailensa na kitambaa kinene, utaona mapovu yanachemka. Yangu ilichemka kama uji.

Ya pili ni kabureta. Ukifungulia moshi njia, injini inavuta hewa zaidi, lakini jeti, kale ka-skrubu kenye tundu la kupitisha petroli, tundu lake ni lile lile, kwa hivyo inakula hewa nyingi na petroli kidogo. Moto wa namna hiyo ni mkali. Bomba pale karibu na injini likageuka rangi, kwanza dhahabu halafu bluu, na mimi nikidhani ni urembo. Plagi ndiyo iliyosema ukweli. Namna ya kuiuliza ni hii, panda mlima na mzigo ukiwa umefungua mafuta vizuri, ukifika mahali salama shika klachi uzime injini hapo hapo, usiiache ikanguruma chini kwanza, subiri ipoe kidogo utoe plagi. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa uko sawa. Nyeusi ya masizi, petroli ni nyingi. Yangu ilikuwa nyeupe kama chaki, ile kaure imekauka kabisa. Ukiendelea na hiyo siku za jua unaelekea kuchoma pistoni au valvu, na hapo tunaongea bei za kuuza mbuzi.

Jeti basi. Kabureta ina jeti mbili, ndogo ya mwendo wa chini na kubwa ya ukifungua sana, na katikati kuna sindano. Watu hukimbilia kubwa peke yake. Kama shida ni risasi ukiachilia mafuta, au injini haitulii ukisimama, angalia ndogo na ile skrubu ya hewa. Kama shida ni mlimani ukiwa umefungua yote, hiyo ni kubwa. Panda namba moja tu, jaribu, soma plagi, ndio uongeze tena. Jeti ni kama 250 hivi, usikubali mtu akutobolee ya zamani na waya wa baiskeli, ataitanua bila kipimo na hutajua tena uko wapi. Mimi nilipopandisha jeti risasi zikapungua na joto likashuka, lakini sasa petroli. Ile ya mia tano niliyokuwa nafunga nayo mchana ikawa inaisha kabla ya saa sita. Hiyo ndiyo bei ya kufungua bomba ambayo haiandikwi kwa risiti.

Niko na binamu yuko Canada, huko wana pikipiki za theluji, zina ski mbele na mkanda nyuma, na siku hizi ziko hata za four stroke. Nikamtumia video ya sauti nikidhani atasifu. Akacheka, akaniambia hata kule vijana wanabadilisha sailensa wanapata sauti na kupunguza kilo, lakini nguvu ya maana hawaioni mpaka waguse mambo mengine. Tofauti ni kwamba zake ni za injekshen, hazina kabureta, petroli inapimwa na kompyuta, badala ya jeti unabadilisha programu. Hii inawahusu pia wenye pikipiki mpya za injekshen hapa kwetu: hakuna jeti ya kununua, na fundi wa nyundo hawezi kukusaidia.

Jambo ambalo lilinikata kabisa ni mguu wa mama mmoja mteja wangu, muuza mboga, namchukua alfajiri. Sailensa ya kiwanda ina ile bati ya kukinga joto, imesimama kidogo kando na bomba, kati yake hewa inapita. Yangu mpya haikuwa nayo, bomba tupu, na lilikuwa limetokeza nje kuliko la mwanzo kwa sababu ya lile kunjo. Mama alikaa upande kama kawaida, miguu kushoto, hakuna shida. Alipofika akashuka, akazunguka nyuma kuchukua kikapu chake upande wa kulia, akainama. Nilisikia "uwi!" na harufu. Ngozi ya ndama ilibaki pale kwa bomba, ka-kipande kama karatasi ya kitunguu, kanakauka nikiangalia.

Watu wakaanza kuleta ushauri, mmoja dawa ya meno, mwingine unga. Muuguzi mmoja aliyekuwa anasubiri matatu ndiye aliyewafukuza, akasema maji ya kawaida yanayotiririka dakika 20, hakuna barafu, hakuna kupaka kitu, kisha kituo cha afya. Tukashika jerikeni za mtu wa mkokoteni tukamwagia. Nililipa matibabu na nikalipa na yale mauzo ya asubuhi hiyo, na mama hakunifokea, alisema tu, "Nyathina, hii kitu yako funika." Siku hiyo hiyo nikanunua bati nikachomewa kinga. Kama wewe ni wa boda na unabadilisha ekzosti, kinga ya joto inakuja kabla ya sauti, kabla ya rangi, kabla ya kila kitu, na ipigwe spesa isiguse bomba, ikigusa inapata moto ule ule.

Kuhusu kelele na sheria sina mengi. Sheria ya trafiki inataka gari na pikipiki ziwe na sailensa inayofanya kazi, na NEMA, wale wa serikali wa mazingira, wana kanuni za kelele tangu 2009, kwa hivyo ukisimamishwa huna la kujitetea, nami nilisimamishwa nikaambiwa wazi nirudi nikatengeneze. Lakini aibu yangu kubwa ilikuwa kupita usiku pale hospitali kubwa tunayoiita Russia. Barabara ya Kakamega kutoka Kibuye kwenda Kondele inapita kando yake, na nilikuwa nazima injini natelemka kwa gia huru mahali panaruhusu. Mtu anayezima pikipiki akipita kwa wagonjwa anajua vizuri alichonunua.

Fundi wa pili nilielekezwa na mwenye duka la spea. Hakusema mengi, aliuliza swali moja, "Bomba ya mbele ya kwanza iko wapi?" Bahati nzuri nilikuwa nimeibeba nyumbani, sikumwachia yule wa kwanza. Kilichooza kilikuwa kopo tu, bomba la kutoka kwa injini lilikuwa zima. Akakata ile pana, akarudisha bomba langu la kiwanda, akapasua lile kopo jipya la yule fundi wa kwanza akaweka bati mbili ndani kugawa vyumba, na bomba la katikati jembamba zaidi, moshi uzunguke kabla ya kutoka. Akaacha katundu ka maji. 1,800 na gasketi juu yake. Nikarudisha jeti kubwa ya zamani, ndogo nikaiacha namba moja juu, plagi ikaja na rangi ya chai.

Riat napanda na gia ya tatu tena mpaka pale pale pa zamani. Sauti iko juu kidogo ya kiwanda, ya kukubalika. Haikuongeza nguvu hata nukta, nasema hivyo kwa sababu kuna mtu atasoma mpaka hapa akitafuta hiyo.

Walio Nakuru mchukue tahadhari moja. Hapa Kisumu tuko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, nyinyi mko karibu 1,850, hewa yenu ni nyepesi, kwa hivyo jeti inayonitosha mimi inaweza kuwa nyingi kwenu na plagi ikawa masizi. Msinakili namba ya mtu, someni plagi yenu. Na baada ya kufunga, injini ikishapata moto mara ya kwanza na kupoa, rudi na spana ukaze zile nati za flenji tena, gasketi mpya huwa inakaa, zikiachwa hivyo zinalegea ndani ya siku chache na ile pa-pa inarudi.